Kambi Kando ya Ziwa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za kambi yetu ya Rubondo, lakini kwa namna ya somo, maana hadithi za nani alimwogopa kiboko zimekwisha kusimuliwa za kutosha bwenini. Nami nimekubali, kwa kuwa mengi tuliyoyaona huko yamo katika vitabu vya Jiografia na Biolojia, ila vitabuni hayana moshi wala mbu.

Rubondo ni kisiwa katika pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Victoria, chenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 240, na sehemu yake kubwa ni msitu. Kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Simba hakuna. Wako viboko na mamba, na yuko nzohe, mnyama wa jamii ya swala ambaye kwato zake ndefu hutanuka asizame katika matope ya matete. Wako pia sokwe, nao asili yao si hapo: 17 waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, baada ya kufungwa huko katika bustani za wanyama. Waliachwa msituni wajitafutie riziki, wakaweza. Sisi hatukumwona hata mmoja. Tulisikia kelele zao tu, asubuhi ya pili.

Basi, somo la kwanza lilikuwa la kupiga hema. Vijana walichagua mara moja mahali pazuri kuliko pote, pana nyasi fupi, karibu na maji. Askari wa hifadhi akacheka. Akawaonyesha ardhini mifereji miwili inayokwenda pamoja, katikati pana tuta dogo. "Vijana, hii ni barabara," akasema, "na mwenye barabara hupita usiku." Kiboko hushinda majini mchana na hutoka usiku kula majani, naye hufuata njia yake ile ile kila siku. Nyasi zilikuwa fupi kwa sababu yeye ndiye aliyezikata. Tukang'oa vigingi tukahamia juu, mbali na njia na mbali na miti mikubwa, tukachimba mfereji mdogo upande wa mwinuko ili maji ya mvua yapite kando.

Wapishi wetu waliweka mafiga upande wa ziwa. Kuanzia saa nane mchana moshi wote ukaingia hemani. Wakahamisha mafiga upande wa pili, wakashukuru; usiku ulipoingia moshi ukageuka ukawafuata tena! Mmoja akaniuliza kama kuna mtu ametuombea mabaya. Jibu ni hili. Nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi, lakini maji hupata joto polepole na hulitunza. Mchana hewa ya juu ya nchi kavu hupata moto, hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: ziwa ndilo lenye joto, na upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Mafiga sharti yawe ubavuni mwa kambi, si mbele wala nyuma.

Habari hiyo ya moshi ni ndogo, lakini sababu yake ndiyo inayoua wavuvi. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 68,800, nalo limezungukwa na nchi kavu pande zote. Usiku pepo za kila upande huelekea ziwani zikakutana, na hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Huko hufanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba za ziwani hupiga usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati ambao mitumbwi ya dagaa iko kazini. Na kwa kuwa pepo za mashariki huzisukuma dhoruba hizo upande wa magharibi, Bukoba hupata mvua ya milimita karibu 2,000 kwa mwaka, na Mwanza nusu yake tu. Sisi tulipata sehemu yetu usiku wa pili saa tisa. Hema si kinga ya radi hata kidogo. Nikawaamsha wote tukakimbilia jengo la matofali, na huko tukakaa tukihesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Tulipofika mbili hakuna aliyeendelea kuhesabu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nikubali kuandika. Nilipokuwa mwanafunzi, tulipelekwa kambi kwenye ufuo mwingine wa ziwa hili, tukaoga adhuhuri katika ghuba yenye matete. Maji yalikuwa matulivu, na wakubwa waliotuongoza hawakutuonya, nadhani kwa kuwa nao hawakujua. Mwaka uliofuata niliharisha damu muhula mzima, nikafikiri ni chakula. Ilikuwa kichocho cha tumbo.

Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono wa majini, wakaongezeka humo kwa majuma kadhaa. Kisha hutoka kwa maelfu, zaidi wakati wa jua kali la mchana, nao hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu bila ya kidonda. Asipompata mtu, kijidudu hufa katika siku mbili hivi. Kwa hiyo maji ya kuoga pale kambini tuliyateka mahali pasipo na majani, tukayachemsha, na ya kunywa vivyo hivyo.

Wanafunzi wakabisha, na walikuwa na haki ya kubisha. "Mwalimu, mbona wavuvi huoga kila siku?" Naam, huoga, na wengi wao wanayo minyoo hiyo, mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi huku ini lake likiharibika kimya kimya.

Siku ya tatu, saa sita mchana, sufuria ilielea ikaenda. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaifuata katika matete, maji yakamfika magotini, kabla sijapata sauti ya kumwita. Mamba hakuwapo, namshukuru Mungu. Nilimkausha miguu kwa taulo kwa nguvu, ingawa hilo si kinga ya kutegemea, nikaandika tarehe. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga, kwa hiyo kumpa vidonge siku ile kusingefaa kitu. Tulingoja majuma nane.

Hospitalini nilipeleka kambi nzima, watu 24, ili yeye asione haya. Sita walikutwa na mayai. Kijana wa sufuria alikuwamo, lakini wale watano wengine hawakukanyaga maji ya Rubondo kabisa. Wote wamekulia vijiji vya ziwani, na daktari alisema hata yule wa sufuria huenda alikuja nayo kutoka nyumbani. Walipimwa uzito wakapewa vidonge kwa kadiri ya uzito huo. Wazazi wenye watoto waliokulia ufuoni, kipimo ni cha choo tu, nacho hakiumi.

Wanaotaka kwenda mwakani walete majina ofisini kwangu kabla ya likizo. Sufuria itafungwa kamba.