Mafungo ya Wafanyakazi wa Chuo: Vyeo Vibaki Getini

Kwaresima ikikaribia, kwenye ubao wa matangazo wa chuo kikuu cha Kikatoliki hubandikwa karatasi: wafanyakazi wote mnaalikwa kwenye mafungo ya kiroho, Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi. Chini yake mtu wa utawala ameongeza kwa kalamu nyekundu, "Mahudhurio ni lazima." Kuanzia hapo maswali ya kwenye korido ni mawili tu: kuna posho? Na basi litarudi saa ngapi?

Wanaouliza hivyo si watu wasio na imani. Wameshapelekwa kwenye mafungo ambayo, ukiondoa wimbo wa mwanzo na baraka ya mwisho, yalikuwa kikao cha kawaida cha wafanyakazi. Basi vidokezo hivi ni vya wanakamati ya maandalizi, iwe SAUT kule Malimbe, Mwenge pale Moshi, Ruaha kule Iringa au CUEA jijini Nairobi. Ni vya abiria wa hilo basi pia.

1. Futa neno "lazima"

Chuo cha Kikatoliki kina haki ya kuwa cha Kikatoliki, hilo halina ubishi. Katiba ya kitume Ex corde Ecclesiae, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990, inavitaka vyuo hivi vitoe huduma ya kichungaji kwa jumuiya yao yote. Lakini katiba hiyohiyo inataka dhamiri ya kila mtu iheshimiwe, na inatambua wazi kwamba ndani ya chuo kuna watu wa makanisa na dini nyingine. Huku kwetu mhasibu anaweza kuwa Mlutheri, fundi wa maabara Mwislamu, na katibu muhtasi Mpentekoste ambaye ana mfungo wake tangu Januari.

Mwajiri anaweza kumwambia mtu awe ofisini saa mbili. Kumwambia asali, hapana. Andika "mnaalikwa" na uishie hapo. Asiyekuja aendelee na kazi zake, na jina lake lisihifadhiwe kwenye faili la mtu yeyote.

2. Fungua kalenda zaidi ya moja

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Mwaka 2026 vilikaribiana zaidi: majivu tarehe 18 Februari, na mwezi ukaandama siku hizohizo. Ukiwaalika wenzako Waislamu kwenye siku ya tafakari wakati huo, halafu ratiba nzima ikazunguka chai ya saa nne na chakula cha mchana, ujue hukufikiri.

Kisha angalia kalenda ya masomo. Wiki ya kusahihisha mitihani haifai: wahadhiri watakuja na bahasha za majibu mkobani, nao watazifungua. Juni haifai kwa watu wa uhasibu, mwaka wa fedha unafungwa. Udahili ukipamba moto usimguse mtu wa ofisi ya msajili. Wiki bora ni ile kabla wanafunzi hawajafungua, mabweni yakiwa bado matupu.

Na kama ni Ijumaa ya Kwaresima, mpishi aambiwe mapema kwamba hakuna nyama. Kwa sheria za Kanisa, kujinyima nyama kunamhusu kila Mkatoliki aliyetimiza miaka 14. Ila kwa Mwanza nina shaka kidogo: kumwekea mtu sato mzima wa kukaanga, na kachumbari pembeni, halafu kumwambia hiyo ni toba!

3. Tokeni nje ya geti

Mafungo yanayofanyika kwenye ukumbi wa chuo huisha saa nne na nusu, pale mtu anapochungulia mlangoni na karatasi ya kusainiwa. Hata kilomita 10 zinatosha, mradi mlango wa ofisi usionekane.

Walioko Dar es Salaam wana Pugu, kituo cha hija chenye historia nzito. Wamisionari Wabenediktini walifika hapo mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni yao ikavamiwa na baadhi yao wakauawa. Njia ya Msalaba ikisaliwa mahali kama hapo haihitaji maelezo mengi. Bagamoyo nako, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao mwaka 1868, ni pazuri sana, tatizo ni ufukwe. Baada ya chakula cha mchana nusu ya kundi huwa imeshapotelea baharini. Pangeni saa nzima ya kutembea ufukweni, iandikwe kwenye ratiba, yaishe.

Kusini kuna abasia za Peramiho na Ndanda. Wabenediktini wana agizo katika sura ya 53 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwamba kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, hivyo ukarimu wao haubahatishwi. Nairobi wanao Wajesuiti wa Mwangaza, mtaa wa Karen. Popote mtakapochagua, pigeni simu mapema, maana Kwaresima vituo hujaa watawa, wanandoa na kwaya.

4. Mwongozaji asiwe bosi wa mtu

Hapa ndipo mafungo mengi ya vyuo huharibikia, nami nitakaa hapa kidogo.

Chuo cha Kikatoliki kina mapadre wengi: Makamu Mkuu wa Chuo mara nyingi ni padre, mkurugenzi wa fedha naye padre, mkuu wa kitivo sista mwenye shahada ya uzamivu. Kamati inaona hakuna haja ya kutafuta mtu wa nje wakati ndani wapo. Basi padre anayesaini mikataba ndiye anayetoa mada ya kwanza, kuhusu uaminifu kazini. Ya pili, kuhusu uvivu. Saa tano yumo kwenye kiti cha maungamo, na mbele yake amepanga foleni mtu ambaye mkataba wake unaisha Juni.

Huyo mtu ataungama nini? Ataungama kwamba alikosa Misa mara mbili na kwamba alimkasirikia jirani. Yale mazito atarudi nayo nyumbani.

Kanisa liliona jambo hili zamani. Sheria za Kanisa, kanuni ya 985, zinasema gambera wa seminari asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe waombe kwa hiari. Kanuni ya 984 inamkataza mwenye madaraka kutumia katika uongozi wake jambo lolote alilolijua kwa maungamo. Na kanuni ya 630 inawakataza wakubwa wa mashirika ya kitawa kuwashawishi walio chini yao wawafungulie dhamiri zao. Kanuni hizo ziliandikwa kwa seminari na nyumba za watawa, lakini busara yake inamhusu kila anayesali pamoja na mtu anayemlipa mshahara.

Kwa hiyo mtafuteni padre kutoka jimbo la jirani, au mtawa kutoka shirika lisilo na mtu pale chuoni. Waletwe waungamishaji wawili au watatu, wageni wote, wasiojua nani ni nani. Padre mwenye madaraka chuoni aje, lakini akae kwenye benchi na wengine, afanye mafungo yake kimyakimya. Mapadre wengi hulipokea hilo kwa furaha, maana nao hawapati mahali pa kukaa bila kuombwa saini.

Na jambo moja la kukatazwa kabisa: mwongozaji asipewe "maeneo ya kugusia" na utawala. Mkitaka kuzungumzia kuchelewa kazini, iteni kikao, mna haki hiyo.

5. Profesa apange foleni

Kwenye beji andikeni jina tu. Viti vya mbele visifungiwe vitambaa vyeupe. Wakati wa chakula, foleni iwe moja, na asitokee kijana wa kumbebea mtu sahani. Shikamoo ziendelee kama kawaida, maana heshima ya umri si cheo.

Makundi ya kushirikishana yawe ya watu sita au saba, na mtu asiwekwe kundi moja na mkuu wake wa idara. Mwenye la kusema aseme, asiye nalo aseme "napita." Yaliyosemwa yabaki kwenye kundi.

6. Mlinzi naye ana roho

Orodha ya washiriki ikitoka, tafuta humo jina la mlinzi, la mpishi wa kantini, la mama anayefagia maktaba, la dereva. Dereva utamkuta, ila yuko ndani ya basi amelala, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke.

Wenye zamu hawawezi kutoka wote siku moja, kwa hiyo fanyeni awamu mbili, kwa mwongozaji yuleyule na chakula kilekile. Isiwe awamu ya kwanza ni wali na kuku, ya pili ni maharage. Walinzi na wafanya usafi wa kampuni za nje, ambao kwa makaratasi si wafanyakazi wa chuo, waalikeni pia. Wanafungua geti hilo kila asubuhi.

Halafu suala la lugha. Mada ikitolewa kwa Kiingereza na picha za projekta, mmeshawafukuza nusu ya watu bila kuwagusa. Mafungo yawe kwa Kiswahili. Profesa anakielewa.

7. Mwongozaji aseme kidogo

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikaa Manresa, Hispania, miezi mingi kuanzia 1522, akisali na kuandika. Kilichotoka huko ni Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, na ambacho kikifuatwa chote huchukua takriban siku 30. Ninyi mna siku moja, nanyi mmeijaza mada tano, maigizo na maswali na majibu!

Mada mbili zinatosha, kila moja nusu saa, na kila moja ifuatwe na saa nzima ya ukimya. Wapeni watu kitu cha kushika, maana mtu asiyezoea ukimya huanza kuhesabu vigae. Injili ya Marko 6:30-34 inawafaa sana wafanyakazi: mitume wamerudi kutoka kazini, wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, na Yesu anawaita kando wapumzike. Ichapeni kwa herufi kubwa. Kila mtu aende chini ya mti wake, aisome polepole mara tatu, akae na neno lililomgusa. Mwenye usingizi asinzie dakika kumi bila aibu. Kuna watu hawajapumzika tangu muhula uanze.

8. Simu

Kwenye kisa hichohicho cha Marko, umati uliwatangulia mitume huko walikokwenda kupumzika. Kwa hiyo simu zitapigwa tu. Sipendi ule mtindo wa kukusanya simu kwenye kikapu. Mama aliyeacha mtoto na homa nyumbani atakaa mchana kutwa akikitazama hicho kikapu. Toeni namba moja ya dharura, ishikwe na mtu mmoja wa kamati, familia zipewe siku mbili kabla. Baada ya hapo mtu azime simu yake mwenyewe.

9. Asiyeweza kutoka asiachwe

Inyasi alimfikiria pia mtu mwenye majukumu asiyeweza kuacha shughuli zake. Katika dokezo la 19 la Mazoezi anaelekeza mtu wa namna hiyo atenge saa moja na nusu kwa siku, aendelee na kazi zake. Kwa muuguzi wa zahanati ya chuo au mtu wa mishahara hata hiyo ni nyingi, basi mpeni robo saa kwa wiki nne: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kutazama kesho. Kengele ya Malaika wa Bwana inalia saa sita mchana, na hapo ni pa kuanzia.

10. Fedha zisemwe mapema

Tangazo liseme nauli na chakula ni juu ya chuo, posho hakuna. Watu wazima wakiambiwa ukweli hawasusi. Husuasua wanapoachwa wakisie. Na tafadhali, bahasha za mchango wa jengo zisipitishwe siku hiyo, wala kadi za harusi.

11. Msirudi na maazimio

Hakuna haja ya maazimio 14 yaliyosomwa na katibu kabla ya Misa ya kufunga. Misa iishe, watu wapande basi, atakayetaka kuimba aimbe, atakayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Mkiweza, tengeni nusu saa kila mwezi kwenye kikanisa cha chuo, kwa anayependa. Idara ya rasilimali watu ikidai ripoti, wapeni idadi ya sahani zilizoliwa na risiti ya dizeli.