SOMO LA ROBO HII: KUTUNZA NA KUHARIRI PICHA ZA MIRADI

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia visima, VICOBA na mizinga ya nyuki. Robo hii tunazungumzia kitu ambacho siku hizi kila usharika unacho kwa wingi, lakini wachache wanakitunza. Nacho ni picha.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2014 mfadhili mmoja aliniomba picha mbili za kisima kilichochimbwa katika kijiji kimoja wilayani Kahama: moja ya kabla, watu wakichota maji lamboni pamoja na ng'ombe, na nyingine ya baada, pampu ikitoa maji. Picha hizo nilizipiga mwenyewe. Napenda kamera tangu nikiwa chuoni, na safari za miradi hunipa nafasi ya kuitumia. Wakati huo nilikuwa na picha zaidi ya 6,000 kwenye diski moja, ndani ya mafolda yenye majina kama "Picha mpya", "Picha mpya 2" na "Za Mchungaji". Nilitafuta siku mbili. Siku ya tatu nikatuma picha ya pampu iliyofanana na ile. Mwaka uliofuata ikatoka kwenye kalenda, na kalenda ikafika kijijini. Mzee mmoja wa kanisa akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mratibu, huu mwembe umeota lini? Pale kwetu pana mkwaju tu."

Sikuwa na jibu. Hakuna fedha iliyopotea, na pampu ya kweli ilikuwepo. Lakini nilikuwa nimewaambia watu uongo kwa sababu ya uvivu wa kupanga. Yafuatayo niliyajifunza baada ya siku hiyo.

Jina la picha

Kamera huipa kila picha namba, kama vile DSC_0417. Kamera nyingi zikifika 9999 huanza upya, na usharika wenye kamera mbili na simu tatu utapata picha nyingi zenye namba moja. Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kuhamishia picha kwenye kompyuta ni kuzibadilisha majina. Mimi hutumia mtindo huu: 2019-08-14_Nyarugusu_choo-cha-shule_03. Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku. Wengi wameniuliza kwa nini tusiandike tarehe kama tulivyozoea, siku kwanza. Sababu ni kwamba kompyuta hupanga majina kwa kusoma alama ya kwanza, kisha ya pili. Ukianza na siku, tarehe 14 za miaka yote zitakaa pamoja, na mwaka 2009 utachanganyika na 2019. Ukianza na mwaka, picha zinajipanga zenyewe.

Huhitaji kubadilisha moja moja. Programu ndogo ya IrfanView, ambayo ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara na haihitaji intaneti, hubadilisha majina ya picha mia mbili kwa mara moja.

Mafolda nayo yafuate mwaka, kisha mahali, kisha mradi. Mahali maana yake ni kijiji au mtaa, si mkoa. Hili nalisisitiza kwa sababu katika eneo letu mikoa imehama juu ya vichwa vya watu. Hadi mwaka 2012 Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, na Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mwaka huo ulipoanzishwa Mkoa wa Geita, zote tatu zikaingia humo. Bariadi, Maswa na Meatu nazo zikatoka Shinyanga kwenda Mkoa mpya wa Simiyu. Mtu anayetafuta leo picha za Ushirombo za mwaka 2008 ndani ya folda la "Geita" hatazipata, kwa kuwa aliyezihifadhi aliziweka "Shinyanga", na hakukosea. Ushirombo yenyewe haijahama.

Saa ya kamera

Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake taarifa zisizoonekana: tarehe, saa, aina ya kamera na mipangilio iliyotumika. Zinasaidia sana kama saa ya kamera ni sahihi. Betri ikikaa bila chaji muda mrefu, kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na ndiyo maana tuna picha za ufunguzi wa darasa zinazodai kupigwa tarehe 1 Januari usiku wa manane. Kosa jingine ni letu sisi Waswahili. Mtu anaweka saa tatu asubuhi kama 3:00, wakati kamera inataka 9:00. Angalieni saa kabla ya kila safari. Ni kazi ya dakika moja.

Kuchagua

Hapa ndipo wapenda picha wengi tunaposhindwa, nikiwemo. Katika uzinduzi mmoja tunapiga picha 150, arobaini kati ya hizo zikiwa za mgeni rasmi akikata utepe, halafu tunazihifadhi zote kana kwamba kufuta ni dhambi. Chagueni siku ileile au kesho yake, mkiwa bado mnakumbuka nani ni nani. Pitieni mara ya kwanza kwa kuondoa zilizotikisika na zile ambazo watu wamefumba macho. Pitieni mara ya pili mkitafuta picha kumi tu. Kati ya hizo kumi, ile ya utepe iwe moja. Nyingine zionyeshe kazi: fundi akifunga bomba, mweka hazina wa VICOBA akihesabu hisa mbele ya wenzake, mama akimimina maji kwenye ndoo. Ushauri kwa wajumbe: msimlazimishe mpiga picha kuhifadhi kila picha yenye sura ya kiongozi.

Ipo pia picha isiyopendeza ambayo thamani yake huongezeka kwa miaka, nayo ni ya mahali palepale, kutoka pembe ileile, kila mwaka. Wilaya nyingi za Shinyanga zilibaki tupu bila miti hadi ulipoanza mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, na wananchi wakarudishia ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili yaote. Aliyepiga picha kilima kimoja wakati huo, akakipiga tena miaka kumi baadaye akiwa amesimama penye jiwe lilelile, ana ushahidi ambao ripoti ya kurasa hamsini haiufikii. Kama usharika umepanda miti, wekeni kigingi na mpige picha kutoka hapo kila Mei na kila Oktoba.

Kuhariri

Kwanza, picha ya asili isiguswe. Fanyeni nakala, mhariri nakala, na jina lake liongezewe herufi "h". Picha za aina ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila zinapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Mkirudia mara nyingi, uso unaanza kuonekana kama umepakwa uji.

Tatizo kubwa la picha zetu ni mwanga. Tunapiga saa sita mchana, ukuta mweupe nyuma na watu wenye kofia mbele. Kamera hupima wastani wa mwanga wote, inaona weupe mwingi, inapunguza, na nyuso zetu zinakuwa giza. Katika programu ya kuhariri tafuteni kitufe cha kuongeza mwanga sehemu za kivuli, si picha nzima. Mkiongeza picha nzima, anga linapotea na ukuta unang'aa kama bati jipya. Kisha nyoosheni picha iliyoinama, kateni kingo zisizohitajika, na mwishie hapo. GIMP na digiKam ni programu za bure zinazofanya haya yote kwenye kompyuta. Zimeni kabisa kitu kile cha simu kinachong'arisha ngozi. Mama wa Rwamagasa aliyeshinda juani akichekecha mchanga mwaloni asirudishwe kwetu akiwa na uso wa tangazo la sabuni.

Kuondoa kitu kilichokuwepo au kuongeza kisichokuwepo hakuruhusiwi katika picha ya mradi, hata likiwa rundo la takataka linalotutia aibu. Mnaweza kukata kingo ili picha ionekane vizuri, lakini si ili kuficha kwamba pampu imefungwa kwa kamba. Mfadhili akigundua mara moja, hataamini hata zile za kweli.

Kuhusu ukubwa: picha ya kuchapwa inahitaji vidoti 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli zipatazo 1,200 kwa 1,800, jambo ambalo kila simu ya leo inaliweza. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji kama 2,480 kwa 3,508. WhatsApp, ikitumiwa kwa njia ya kawaida, hupunguza picha kiasi kwamba inatosha jarida dogo lakini haitoshi kalenda. Ndiyo maana huwa tunawaambia mtume picha kama hati.

Tahadhari ambayo sikuijua

Ushauri huo wa kutuma kama hati niliutoa kwa miaka kadhaa kabla sijagundua upande wake wa pili. Simu inapokuwa imeruhusiwa kutambua mahali, huandika ndani ya picha namba za mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. WhatsApp inapopunguza picha ya kawaida, huziondoa namba hizo. Ukituma kama hati, zinakwenda nazo. Yeyote atakayeipata picha ataziweka kwenye ramani na kuona paa la nyumba.

Kwa picha ya kisima hiyo ni faida. Sasa fikirini picha ya mtoto mwenye ualbino akipokea kofia na mafuta ya kukinga jua nyumbani kwa bibi yake. Kanda yetu ya Ziwa inajua hali ilivyokuwa tangu miaka ya 2006 na 2007, mashambulizi na mauaji yalipoanza kuripotiwa kwa wingi, hata watoto wakapelekwa kuishi katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, mbali na wazazi wao. Februari 2015 mtoto mdogo alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Chato na baadaye akakutwa ameuawa. Nilipofungua mafolda yangu na kukuta picha tisa za namna hiyo zenye namba za mahali ndani yake, baadhi zikiwa zimekwisha kutumwa nje ya ofisi, sikulala vizuri. Niliwaandikia wote niliowatumia nikiwaomba wazifute. Wengi walijibu. Wawili hawakujibu.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Kamera ya simu inazimwa utambuzi wa mahali kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu yeyote. Picha inayotoka nje ya ofisi inasafishwa kwanza: kwenye kompyuta ya Windows bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa za faili, ingia kwenye maelezo, na chini kabisa kuna sehemu ya kuondoa taarifa binafsi. Maelezo ya mtoto yanayochapishwa yataje mkoa tu, bila kijiji, shule wala jina kamili. Majina hubaki kwenye daftari la ofisi. Mzazi au mlezi anaulizwa kwanza, kwa Kisukuma ikibidi, na anaelezwa picha itakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inatudai ridhaa. Vivyo hivyo kwa watoto mnaowakuta wakiponda mawe penye karasha. Picha inayowaonyesha sura inaweza kuwaletea shida kubwa kuliko msaada.

Nakala

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, katika kitabu chake cha mwaka 2005 alieneza kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae jengo jingine. Diski mbili katika kabati moja ni nakala moja mbele ya moto au mwizi. Usharika unaweza kuweka moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayokaa kwa mweka hazina, na picha kumi bora za kila mradi kwenye intaneti. Nasema kumi bora kwa kuwa nafasi ya bure ya Google ni GB 15, ikijumuisha na barua pepe, tangu ile isiyo na kikomo ilipokoma Juni 2021. Picha za MB 4 zitakazoenea humo hazifiki 4,000. Msitegemee pia kupanga ndani ya programu peke yake. Ofisi nyingi zilipanga albamu zao katika Picasa, ambayo Google iliiacha mwaka 2016; kompyuta ilipobadilishwa, picha zilibaki lakini albamu zikapotea. Jina la faili na la folda huhama na picha popote.

Kazi ya kamati

Kabla ya kikao kijacho, chukueni picha tano za zamani zaidi za usharika wenu, hata zile za karatasi, mkazipige picha kivulini bila kutumia mwanga wa kamera. Mketi na wazee wawili wanaoweza kuwatambua waliomo. Andikeni nani amesimama wapi kuanzia kushoto, mahali, mwaka, na shughuli iliyokuwa ikifanyika. Penye shaka wekeni alama ya kuuliza, msibuni. Anzeni na wazee wenye umri mkubwa zaidi, na mwende kwao wenyewe badala ya kuwaita ofisini.