Mchangaji, Mfadhili na Mlengwa: Lugha ya Utoaji katika Kiswahili cha Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hutajwa aghalabu katika hafla za michango, nayo humsifu mtoaji. Ni nadra kuuliza inamweka wapi anayepokea. Makala haya yanadhamiria kulichunguza suala hilo kupitia msamiati ambao Kiswahili cha Kenya hutumia kuzungumzia utoaji, misaada na kazi za kujitolea.

Swali lenyewe halikuzuka maktabani. Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya na wanafunzi wenzake wa Kiswahili walijitolea kutafsiri hojaji ya shirika moja lililokuwa likigawa mbegu na mbolea mashambani. Kila palipotajwa mtu atakayefaidika na mradi, tuliandika "mlengwa", kwa kuwa ndilo neno tulilolizoea redioni na katika ripoti. Tulipofika nyanjani na kumsomea nyanya mmoja swali la kwanza, alitukatiza: "Mjukuu wangu, mtu hulenga ndege au swara. Mimi mmenilengea nini?" Tukacheka, naye akacheka. Lakini tulipofika mahali palipomtaka athibitishe kwamba yeye ni miongoni mwa "wasiojiweza", hakucheka tena. Alitutembeza katika shamba alilolipalilia kwa mikono yake, akatuuliza asiyejiweza ni nani. Alikataa kutia alama ya kidole, na kwa kuwa taratibu za shirika hazikuruhusu kumpa mbegu mtu asiyetia sahihi, tuliondoka bila kumpa. Mradi ulikuwa mzuri na mbegu zilikuwa nzuri. Neno tulilolichagua ndilo lililomkosesha.

Msingi wa kinadharia

Uchanganuzi huu unaegemea mihimili miwili. Mhimili wa kwanza ni nadharia ya zawadi iliyoasisiwa na mwanaanthropolojia Mfaransa, Marcel Mauss, katika insha yake maarufu kuhusu zawadi iliyochapishwa mwaka 1925. Kwa mujibu wa Mauss, utoaji katika jamii nyingi hufungwa na wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Zawadi isiyoweza kurudishwa humwacha mpokeaji akiwa chini ya mtoaji. Mhimili wa pili ni wa kimofolojia. Kitenzi cha Kiswahili kinaponyambuliwa, viambishi vyake hutufichulia nani anatenda, nani anatendewa na nani analazimishwa kutenda. Tukiiunganisha mihimili hii, tunaweza kusoma mahusiano ya kijamii ndani ya neno moja.

Kuchanga: utoaji wa watu walio sawa

Kitenzi "changa" kina sifa ya kipekee. Mtu mmoja hawezi kuchanga peke yake. Kuchanga ni kutoa pamoja na wengine ili kutimiza jambo moja. Kinyambulike kiwe "changia", nacho hutaja jambo au mtu anayetolewa mchango. Kikinyambuliwa kiwe "changiana", mpaka kati ya mtoaji na mpokeaji hufutika kabisa: leo tunamchangia jirani aliyefiwa, kesho yeye atatuchangia sisi. Hapa wajibu wa tatu wa Mauss umo ndani ya kiambishi cha kutendana. Ndiyo maana mtu aliyechangiwa harusi au matanga haoni haya, kwa kuwa jina lake limo katika orodha za wenzake, na ya wenzake yamo katika daftari lake.

Dhana hii haikuletwa na Kiswahili peke yake. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, na Waswahili wana msaragambo. Zote ni desturi za watu kukusanya nguvu kwa zamu. Baada ya Kenya kupata madaraka mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alizikusanya desturi hizi chini ya neno moja, "harambee", ambalo limeandikwa katika nembo ya taifa. Wapo wanaodai kwamba neno hilo lilitokana na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Wengine wanalihusisha na wito wa "halambee" wa wafanyakazi wa Pwani walipovuta au kubeba mizigo mizito. Asili yake iwe ipi, maana iliyokita ni ile ya kuvuta pamoja.

Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson, katika utafiti wao wa mwaka 1977 kuhusu harambee, walionyesha jinsi wanavijiji walivyojijengea shule, zahanati na miradi ya maji kwa fedha, vifaa na jasho lao. Hata vyuo vikuu vina deni hapa. Chuo kilichoanzishwa Kakamega mwaka 1972 kwa michango ya wananchi wa Magharibi ndicho kilichokua hatimaye kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Waliotoa kuku na mahindi yao hawakuitwa wafadhili, wala watoto wao waliosoma pale hawakuitwa walengwa.

Kufadhili na kulenga: utoaji wa ngazi

Kitenzi "fadhili" kina historia tofauti. Kimetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ziada na hisani. Mfadhili basi ni mwenye ziada anayemteremshia asiye nayo. Kinyambulike tupate "mfadhiliwa", nacho kiambishi cha kutendwa kinamnyima mpokeaji utendaji wowote. Tunapata jozi ya watu wawili wasiobadilishana nafasi. Lugha hutuambia pia kinachotarajiwa kutoka kwa mfadhiliwa: fadhila za punda ni mateke, yaani aliyefadhiliwa asiposhukuru hulinganishwa na mnyama. Haipo methali kama hiyo kuhusu mtu aliyechangiwa.

"Mlengwa" limekwenda mbali zaidi. Mfadhiliwa angalau hutendewa wema, ilhali mlengwa huwa shabaha tu. Neno hili lilizaliwa katika lugha ya mipango na bajeti, na huenda linafaa katika jedwali. Likitoka kwenye jedwali na kuingia katika maongezi ya ana kwa ana, humgeuza mtu kuwa alama ubaoni. Ama neno "wasiojiweza", hilo limebeba kikanushi pamoja na kirejeshi cha nafsi. Linadai kwamba mtu hana uwezo hata juu ya nafsi yake. Tunalitumia kwa wepesi tukikusudia huruma, lakini huruma hiyo hutangulia kumvua mtu kila alicho nacho.

Inafaa kutaja kwamba mashirika yenyewe yalipatwa na mkasa kama huo wa kutajwa kwa upungufu. "Shirika lisilo la kiserikali" ni jina linaloeleza lile ambalo shirika silo. Sheria ya mwaka 1990 ya kuratibu mashirika hayo ililitumia. Sheria mpya iliyopitishwa mwaka 2013, na ikaanza kutekelezwa tarehe 14 Mei 2024 baada ya kungoja zaidi ya miaka 10, imeyapa jina la mashirika ya manufaa ya umma. Jina hili linataja kazi inayofanywa. Ikiwa mashirika yamestahili jina la kutaja uwezo wao, wanaohudumiwa nao wanastahili vivyo hivyo.

Ushahidi kutoka Nairobi

Msomaji anaweza kusaili iwapo maneno yana uzito huo kweli, au ni wanaisimu tu wanaokuza mambo. Utafiti ulioongozwa na Catherine Thomas na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani unatoa mwanga. Watafiti walifanya majaribio na wakazi 565 wa mitaa miwili ya mabanda jijini Nairobi. Kila mmoja alipokea malipo ya fedha ya mara moja, pamoja na ujumbe kuhusu lengo la shirika linalotoa fedha hizo. Baadhi waliambiwa kwamba lengo ni kupunguza umaskini. Wengine waliambiwa kwamba lengo ni kumwezesha mtu binafsi kufikia matarajio yake. Kundi la tatu liliambiwa kwamba lengo ni kuwawezesha watu kuwafaa wenzao na kukua pamoja na jamii yao. Nani apate ujumbe upi liliamuliwa kwa bahati nasibu.

Baadaye washiriki waliruhusiwa kuchagua video za kutazama: za mafunzo ya biashara au za burudani. Waliopewa ujumbe wa jamii walichagua video za biashara zaidi ya wale waliotajiwa umaskini. Aidha, waliopewa jumbe za uwezeshaji, uwe wa mtu binafsi au wa jamii, waliuamini zaidi uwezo wao wenyewe na kutarajia maisha bora. Hata hivyo, ni ujumbe wa jamii peke yake uliopunguza hisia ya aibu. Fedha zilikuwa zile zile. Maneno ndiyo yaliyotofautiana. Kwa istilahi za makala haya, ujumbe wa kwanza ni wa kufadhiliwa na ule wa tatu ni wa kuchangiana. Matokeo hayo hayatoki katika jaribio la msamiati wa Kiswahili, lakini yanaafikiana na yale ambayo minyambuliko ya vitenzi vyetu imekuwa ikidokeza.

Dosari za mchango

Haifai, hata hivyo, kuusifu mchango kana kwamba hauna doa. Kitenzi kile kile kikiongezwa kiambishi cha kusababisha huwa "changisha", na papo hapo huingia mtu wa tatu anayewafanya wengine watoe. Mchangishaji anaweza kuwa mwalimu mwenye nia njema. Anaweza pia kuwa mkubwa ambaye barua yake haikataliki, au mwanasiasa anayetafuta kura kwa kutangaza kitita chake jukwaani. Harambee ilipofikia hatua hiyo, "tulichanga" iligeuka kuwa "tulichangishwa". Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwazuia maafisa kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Mnamo Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais alitangaza tena kuwapiga maafisa wa serikali na wa umma marufuku ya kushiriki harambee.

Dosari hiyo haijaliua tendo lenyewe. Mwaka 2011 ukame ulipoikumba nchi, kampeni ya Kenyans for Kenya ilikusudia kukusanya shilingi milioni 500 kwa wiki 4, na wananchi wakalipita lengo hilo, wengi wao wakituma vijisenti kwa simu. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba kikiwa ndani ya simu. Hoja yetu basi si kwamba mchango ni safi na ufadhili ni mchafu. Mtu mwenye njaa hashibishwi na istilahi, na yapo mahitaji ambayo majirani hawayawezi bila msaada wa mbali. Hoja ni kwamba msaada huo unaweza kutolewa bila kumwambia mpokeaji kwamba hajiwezi.

Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba msamiati wa utoaji katika Kiswahili una tabaka mbili. Tabaka la "changa" huwahesabu wote kuwa watendaji. Tabaka la "fadhili" na "lenga" humtenga mtendaji na mtendewa. Tangu Katiba ya mwaka 2010 kukifanya Kiswahili lugha rasmi, wahitimu wetu wanazidi kuajiriwa au kujitolea kutafsiri fomu, hojaji na matangazo ya mashirika. Kila mmoja wao hufanya uchaguzi wa tabaka hilo, ajue asijue.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "mlengwa" libakie katika majedwali ya mipango. Kwa mtu tunayezungumza naye, "mshiriki" au "mnufaika" yatosha. Pili, "wasiojiweza" litajiwe upungufu wenyewe: aliyekosa karo, aliyeunguliwa na nyumba, aliyepungukiwa na mbegu. Upungufu wa kitu si upungufu wa mtu. Tatu, tafsiri zisomewe wenyeji kabla ya kupigwa chapa, kwa maana wao ndio wenye lugha na ndio watakaoitwa kwayo.

Yule nyanya hakuwa amesoma Mauss. Alitambua tu, kwa lugha yake mwenyewe, kwamba tulikuwa tukimtaka alipe mbegu kwa heshima yake, akaona bei imezidi. Lau tungalimwandika "mkulima aliyepungukiwa na mbegu", angalitia alama yake ya kidole, naye angalipanda msimu ule.