Gemu Tamu au Zawadi Tamu?

Mdogo wangu wa Chinongwe, ujumbe wako nimeusoma. Unasema siku hizi unafungua gemu kabla hata ya kunawa uso, unachukua zawadi ya siku, unafunga, na ile raha ya mwanzo huioni tena. Halafu unaniuliza: kwani si leveli na zawadi ndizo zinazolifanya gemu liwe tamu?

Leveli, ndiyo. Wapo wakubwa watakaokuambia gemu lote ni upuuzi, mimi simo. Unaanza na adui mmoja mzembe, ukimzoea wanakuja wawili, kisha anakuja mjanja anayekuvizia nyuma ya ukuta. Kila ngazi inakudai kitu ambacho jana hukukiweza, na ukiivuka, furaha hiyo ni haki yako, umeitolea jasho. Tazama gemu la Tetris: lilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Halikuwa na makasha ya zawadi wala almasi za kununua, ni vipande tu vinavyozidi kushuka kwa kasi, na mpaka leo watu wanalicheza.

Zawadi ni habari nyingine. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti wao wa watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watoto waliokuwa wakipenda kuchora wenyewe bila kusukumwa. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wakachora, wakapewa. Baadaye kalamu ziliporudishwa darasani bila ahadi yoyote, watoto hao walizigusa kama nusu tu ya muda wa wenzao. Na waliopewa cheti bila kuahidiwa kabla? Hamu yao haikupungua. Hapo ndipo ninapokuona wewe, mdogo wangu: ulikuwa unacheza kwa kupenda, ukaahidiwa, sasa unafanya kazi ya kukusanya zawadi.

Kuna na makasha ya bahati nasibu, yale unayoyafungua bila kujua utapata nini, na haya ndiyo yanayonikosesha raha. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba njiwa anayepata punje mara moja moja, asijue lini, hudonoa kitufe bila kuchoka, zaidi ya yule anayejua punje yake inakuja lini. Mwaka 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya kulipia katika magemu kadhaa, FIFA 18 likiwemo, ni kamari. Kwenye gemu la Free Fire nako almasi hununuliwa kwa pesa halisi na zinaweza kuishia kwenye kubahatisha, na msimu ukiisha daraja ulilolipigania linashushwa, uanze kulipanda upya. Hela unayoipata kwa kuokota korosho kwenye shamba la watu, chini ya jua la Ruangwa, ni ya kutoa huko kweli?

Ukitaka kuona mchezo usiohitaji zawadi, siku ukifika Nachingwea au Ruangwa mjini, ukikuta wazee kwenye bao, simama uangalie. Mashimo 32, kete 64. Mmoja ananamua, anakula, anazungusha kete mpaka ya mwisho inalala, na mwenzake kanyamaza anahesabu nyumba yake. Hakuna anayewapa sarafu kwa kufika leo. Ila anayewashinda wengi huitwa fundi, na jina hilo hupewa na watu waliomwona akicheza. Hiyo ndiyo leveli ninayoiheshimu.

Sasa fanya hivi. Zima arifa zote za gemu. Wiki nzima usilifungue kwa ajili ya zawadi. Lifungue pale tu unapotaka kucheza kweli, na ukimaliza mechi zako, funga. Ukiona kinachokuuma ni zawadi zilizokupita, na mchezo wenyewe hujaukumbuka, lifute. Gemu hilo halikufurahishi tena. Ukikumbuka mapambano, ule ujanja wa kumzunguka mtu, basi cheza, tena ukiweza cheza na wenzako uso kwa uso kwenye banda la gemu, maana aliyekufunga jana yupo hapo na unaweza kumwuliza alifanyaje.

Na usimwombe kaka yako namba ya siri ya simu yake ili ulipie almasi. Mwezi huu usinunue almasi hata moja, kisha niandikie uniambie gemu limebaki na utamu gani.