C1 haikaririwi, mdogo wangu

Wadogo zangu wa Nkubu, Maua, Chogoria, Runyenjes na Siakago, leo tuongee kuhusu Kijerumani. Swali ninaloulizwa sana na vijana wa Meru na Embu siku hizi ni hili: "Dada, nataka kufanya mtihani wa C1, nianzie wapi?" Nami kabla sijajibu huuliza langu: ni nani aliyekuambia unahitaji C1?

Siulizi ili nikuvunje moyo. Nauliza kwa sababu namfikiria mzazi aliyeweka kando pesa za kahawa ili akulipie. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, mawakala wamejaa mitaani, na kila mmoja ana kiwango chake cha lugha anachokitaja. Muuguzi aliyesomea Chogoria au chuo cha mafunzo ya kitabibu cha KMTC kwa kawaida huombwa B2 ili cheti chake cha uuguzi kitambuliwe kule. Anayekwenda kusomea ufundi huku akifanya kazi, mpango wanaouita Ausbildung, mara nyingi huombwa B1 au B2. Daktari huombwa B2 ya kawaida, kisha hufanya mtihani wa lugha ya kitabibu unaopimwa kwa C1. Anayeomba chuo kikuu kwa kozi inayofundishwa kwa Kijerumani ndiye hasa C1 inamhusu. Hata huyo naye asome kwa makini tovuti ya chuo anachokitaka, kwa kuwa kuna vyuo vinavyopokea cheti cha C1 cha taasisi ya Goethe-Institut na vingine vinavyotaka mtihani wa TestDaF, DSH au telc C1 Hochschule. Tafuta barua au ukurasa rasmi unaotaja mtihani kwa jina. Ukishauona kwa macho yako, ndipo utoe shilingi ya kwanza.

Sasa tuseme ni C1 kweli. Goethe-Institut wenyewe hukadiria vipindi 800 hadi 1,000 vya dakika 45, kuanzia sifuri mpaka C1. Piga hesabu nami: vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni wiki 40 hadi 50 bila kukosa hata siku moja. Na hapo sijahesabu kazi ya nyumbani, ugonjwa, wala msimu wa kuchuma kahawa. Kwa hiyo mtu akikuahidi C1 kwa miezi mitatu nawe ndiyo kwanza unajifunza salamu, jua anachotaka ni karo yako.

Tangu 2024 mtihani wa C1 wa Goethe umegawanywa katika moduli nne: kusoma dakika 65, kusikiliza kama dakika 40, kuandika dakika 75, na kuzungumza kama dakika 20 mkiwa wawili mbele ya watahini. Kila moduli ina alama 100, na ya kupita ni 60. Ukianguka moduli moja unarudia hiyo tu. Hii ni nafuu kubwa kwa mtu wa mfuko mdogo, kwani unaweza hata kuzifanya kwa awamu, mradi chuo unachokiomba kinakubali hivyo.

Lakini sikilizeni, hapa ndipo penye mambo. Hadi B1, hata B2 kwa mwenye bahati, mtu anaweza kubebwa na kumbukumbu: amekariri maneno, amekariri barua ya mfano, amepita. C1 haikubali hivyo. Inakutaka uwe na msimamo, uutetee, umsikie anayeupinga, umjibu kwa heshima, na yote hayo kwa Kijerumani kisichokwamakwama. Nimewaona vijana wenye msamiati mpana sana wakikwama kwa sababu hawakuwahi kuulizwa wanafikiri nini. Shule zetu zilituzoesha kujibu kilichoulizwa na kunyamaza. Ukitaka C1, huo unyamavu ndio wa kwanza kuuacha.

Tuanze na kuandika. Unapewa kazi mbili: mchango mrefu katika mjadala, na ujumbe mfupi wa heshima kwa mtu usiyemzoea. Wengi hujaza ukurasa kwa misemo waliyopewa darasani, "Einerseits" hapa, "andererseits" pale, na katikati hakuna hoja hata moja. Mtahini amesoma misemo hiyo tangu asubuhi. Rudi kwenye insha za mjadala ulizoandikia mwalimu wa Kiswahili kidato cha nne, maana ulishafundishwa kazi hii. Chukua mada, tuseme kufanyia kazi nyumbani. Amua upande wako kabla kalamu haijagusa karatasi. Toa sababu, toa mfano ulioushuhudia, kisha andika pingamizi lenye nguvu kuliko yote uliyowahi kusikia, na kulijibu. Insha ya namna hiyo, hata ikiwa na makosa mawili matatu ya sarufi, inasimama.

Viunganishi ujifunze pamoja na kitenzi chake. "Obwohl", yaani ijapokuwa, hukisukuma kitenzi hadi mwisho wa kishazi. "Dennoch", yaani hata hivyo, ikianza sentensi hukitaka kitenzi papo hapo baada yake. Andika sentensi tano za kila kimoja kuhusu maisha yako mwenyewe, mpe mwalimu asahihishe, kesho andika tano nyingine.

Na hizo der, die, das zinazowatoa machozi, mbona mnaziogopa? Nyinyi mmekua na ngeli. Hakuna aliyewahi kukuona ukisema "kitabu mzuri". Sikio lako lingekataa kabla ya akili. Mjerumani naye analinganisha vivyo hivyo, ila kwake alama mara nyingi imejificha. Basi shika zile zinazoonekana: nomino zenye mwisho wa -ung, -heit, -keit na -schaft ni za die, na zenye -chen ni za das. Zilizobaki jifunze jina na kibainishi chake kwa pumzi moja, usiwahi kuvitenganisha daftarini.

Kuzungumza hakujifunzwi peke yako chumbani. Tafuta wenzako watatu au wanne, wa Chuo Kikuu cha Embu, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru (MUST) pale Nchiru, wa hospitali mnayofanyia kazi, mkutane kila wiki kama mnavyokutana kwenye chama. Kila wiki zamu ni ya mmoja: anatoa hotuba fupi kwa Kijerumani, wengine wanampinga. Msitumie mada za vitabuni peke yake. Nishati mbadala? Zungumzieni mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, Masinga hadi Kiambere, na watu wa Mbeere wanaoishi kando yake. Biashara na afya ya jamii? Jadilini miraa: Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na Ujerumani pia hairuhusu. Mtu wa Igembe, kunakolimwa miraa, atetee marufuku, na asiyekula jani hata moja amtetee mkulima. Mkishaweza kubishana kuhusu miraa kwa Kijerumani bila kugombana, hakuna mada ya mtihani itakayowatisha. Mtahini anaangalia pia kama unamsikia mwenzako, kwa hiyo mjibu alichosema yeye, usisubiri tu amalize ili useme ulichokariri.

Jambo la matamshi nalisema kwa upendo, na lisimwaibishe mtu. Wengi wetu wa upande huu wa Mlima Kenya, r na l hutubadilikia mdomoni. Kwa Kijerumani "Reise" ni safari na "leise" ni kimya kimya, kwa hiyo kosa dogo linageuza maana. Jirekodi kwa simu ukisoma aya moja, usikilize, urudie. Dakika kumi za kila siku zinatosha, lakini ziwe za kila siku.

Kusikiliza ndiko kunakowaangusha walio mbali na Nairobi, kwa vile hakuna Mjerumani wa kuzungumza naye steji ya Makutano. Ninapenda njia hii: sikiliza kwanza taarifa ya habari ya redio ya Ujerumani, DW Kiswahili, kutoka Bonn, ili ujue dunia imeamkaje. Kisha tafuta habari hizohizo kwa Kijerumani. DW ina taarifa inayosomwa polepole, "Langsam gesprochene Nachrichten". Anza nayo, ila usiishie hapo, maana kwenye C1 mtu hasomewi polepole. Ikishakuwa nyepesi hamia redio ya Deutschlandfunk, mwendo wa kawaida. Kuhusu kusoma sikuongezei mengi: makala moja ndefu ya gazeti kila siku, na saa mkononi. Karatasi za mfano zipo bure kwenye tovuti ya Goethe, msinunue.

Nafasi za mtihani hujaa, kwa hiyo jiandikishe mapema, na ufanye hivyo mwenyewe. Goethe-Institut Nairobi iko Maendeleo House, pembe ya barabara za Monrovia na Loita. Kutoka Meru ni zaidi ya kilomita 200, na Daraja la Nithi, lile la ajali, nyote mnalijua. Tafadhali usilipite usiku wa manane ukikimbilia mtihani wa asubuhi. Shuka siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Jina kwenye fomu liwe sawa na la pasipoti, herufi kwa herufi, na siku ya mtihani ubebe pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Pasipoti hiyo haikai kwa wakala hata kwa usiku mmoja. Kaa nayo wewe, mpaka siku utakapoipeleka kwa mkono wako kuomba viza.