Mfumo Huria wa Kompyuta: Faida na Hasara Zake

Ndugu mkulima, wazijua mbegu za Katumani na za haibridi. Katika Katumani waweza kuchagua mahindi mema ukaweka mbegu ya mwaka ujao. Haibridi sharti uinunue kila msimu. Programu za kompyuta pia ni za namna mbili, na chama chenu cha ushirika kikipewa mashine kuukuu, itawapasa kuchagua.

Mfumo wa uendeshaji ndio unaoiamsha kompyuta na kuzitumikisha programu nyingine. Windows ni ya kununuliwa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni huria: waweza kuinakili, kumpa jirani, hata kuitengeneza upya, wala huvunji sheria. Ubuntu, iliyotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni ya jamii hiyo. Desturi hii si ngeni Kibera. Mwaka 2009 vijana wa huko walianza kuuchora mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani ambayo kila mtu aweza kuitumia na kuisahihisha bure.

Katika saiba za Kibera na Kawangware, ambako watoto wetu hujaza karatasi za eCitizen na za kodi, flashi moja hupita mashine nyingi, na virusi hufuata. Virusi vingi vimetungiwa Windows. Linux haviisumbui sana. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Linux nyepesi yaweza kuzifanya zitumike miaka mingine. Nakala ya wizi ya Windows si dawa. Ni kosa, na huenda imebeba virusi ndani yake.

Sasa hasara. Niliandika orodha ya maziwa ya wanachama kwa LibreOffice, nikaipeleka saiba moja yenye Windows ichapwe. Mistari ikaruka, na safu ya fedha ikabaki peke yake katika ukurasa wa pili. Wanachama wawili wakadhani wamepunjwa, na kuwatuliza kulichukua siku nzima! Tangu hapo kila karatasi naigeuza PDF kwanza. Printa nyingine pia hukataa Linux, na madaftari ya Excel yenye makro hayafunguki sawasawa.

Kuipakua Ubuntu hula bando, maana ni zaidi ya GB 5. Afadhali unakili kwa aliye nayo.

Usifute Windows upesi. Weka kwanza nakala ya hesabu zenu mahali pengine. Kisha fundi aiwashe mashine kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi, bila kugusa kilichomo ndani. Jaribuni printa, jaribuni modemu, fungueni daftari la maziwa. Kama fundi wa sokoni kwenu ajua Windows peke yake, mimi ningeweka mifumo yote miwili katika mashine moja, nafasi ikitosha, mpaka kijana mmoja wa chama ajifunze Linux.