Uliza Nyumba Chache, Ujue Hali ya Kijiji

Ndugu wanakikundi, mmemwona mnunuzi wa mahindi na bambo lake? Yeye hamwagi gunia zima chini. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini, maana ajua fika kwamba mahindi mazuri huwekwa juu. Zile punje chache kiganjani ndizo sampuli.

Na sisi tuna gunia letu. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, mashamba ya Garsen yalizama. Siku kama hizo swali ni moja: kaya ngapi hazina chakula? Sensa huhesabu kila mtu. Ile ya 2019 ilipata watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Lakini sensa ni kila miaka 10, na njaa haingoji.

Kosa letu ni kuuliza nyumba za kando ya barabara, kwa sababu huko viatu havichafuki. Hayo ni mahindi ya juu! Aliye ndani ya matope hakuulizwa, na hesabu ikipungua, magunia ya msaada nayo yatapungua.

Tuseme kijiji kina kaya 300: wakulima wa kando ya mto 200, wafugaji 100. Andikeni kila kaya kwenye kikaratasi, wakulima sufuria yao, wafugaji yao. Changanyeni vizuri, kisha mtoto achote bila kuangalia: 20 huku, 10 kule. Mkikuta wakulima 12 kati ya 20 hawana chakula, basi katika 200 ni kama 120. Wafugaji 3 kati ya 10? Katika 100 ni kama 30. Jumla 150.

Lakini kwa chifu semeni "karibu 150". Mngechota vikaratasi vingine mngepata labda 130, labda 170. Huo si uongo. Uongo ni kuchagua nyumba za mashemeji. Mkichota vingi zaidi, tofauti hiyo hupungua.

Sasa mmefika, nyumba imefungwa. Msirukie kwa jirani eti kwa vile yeye yupo! Mwenyewe pengine amefuata mifugo huko delta, au ametoka kutafuta kibarua, na hali yake si ya jirani. Rudini jioni, rudini kesho. Mkimkosa kabisa, andikeni "hakupatikana", msimjazie majibu.

Kazi ya mkutano ujao: leteni orodha ya kaya zote, isomwe kwa sauti. Nani hayumo?